Walimu Waliorudi Darasani: Kozi za Kihispania za Madrid, 1912–1936

Kati ya mwaka 1912 na mwaka 1936, jiji la Madrid lilipokea karibu kila majira ya joto kundi la wanafunzi wa Kihispania ambao wengi wao, katika nchi walizotoka, walikuwa walimu wa lugha hiyohiyo waliyokuja kujifunza. Walikuja na vyeti vyao na uzoefu wao wa kusimama mbele ya darasa, wakaketi tena kwenye madawati kusahihishwa matamshi, kusikiliza mihadhara na kutahiniwa. Kozi hizo ziliitwa kwa jina la kawaida kabisa, kozi za likizo kwa wageni, na historia za elimu kwa kawaida huzigusia tu na kupita. Zinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndani yake mwalimu kurudi kuwa mwanafunzi hakukuhesabiwa kuwa aibu, bali ulikuwa msingi ambao juu yake kazi nzima ilijengwa, na kwa sababu uhusiano uliozaliwa humo ulikuja kuwa kimbilio la baadhi ya wasomi wakubwa wa Uhispania nchi yao ilipoingia vitani.

Chombo kilichozianzisha kozi hizo kilizaliwa katika kipindi cha majonzi ya taifa. Mwaka 1898 Uhispania ilishindwa na Marekani katika vita vifupi vilivyoinyang'anya Cuba, Puerto Rico na Ufilipino, na kushindwa huko kuliwafanya wasomi wengi waamini kwamba udhaifu wa nchi yao ulikuwa umeanzia shuleni na vyuoni kabla haujafika kwenye meli za kivita. Imani hiyo ilikuwa na mizizi ya zamani zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 1876 Francisco Giner de los Ríos na wenzake walikuwa wakiendesha mjini Madrid shule iitwayo Institución Libre de Enseñanza, iliyojiweka mbali na udhibiti wa serikali na wa Kanisa, na iliyofundisha kwa mazungumzo, kwa matembezi na kwa kutazama vitu vyenyewe badala ya kukariri. Tarehe 11 Januari 1907 fikra za shule hiyo zilipata nguvu ya dola pale ilipoundwa Junta para Ampliación de Estudios, yaani Halmashauri ya Kupanua Masomo, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Santiago Ramón y Cajal, mtafiti wa mfumo wa neva aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, na katibu wake alikuwa mwanasheria José Castillejo, ambaye kwa kweli ndiye aliyeubeba mzigo wa kila siku. Kazi kuu ya Halmashauri ilikuwa kuwapa walimu na watafiti fedha za kwenda kusoma ng'ambo, kisha kuwatafutia mahali pa kuyatumia waliyojifunza watakaporejea.

Mahali hapo palianza kupatikana mwaka 1910, Halmashauri ilipoanzisha Centro de Estudios Históricos, yaani Kituo cha Taaluma za Historia, na katika mwaka huohuo ikafungua Residencia de Estudiantes, yaani Makazi ya Wanafunzi, chini ya uongozi wa Alberto Jiménez Fraud. Idara ya Kituo iliyopata sifa kubwa kuliko zote ni ile ya filolojia, taaluma inayoichunguza lugha kupitia maandishi yake ya kale, historia ya maneno yake na lahaja zake, na mkuu wake alikuwa Ramón Menéndez Pidal, mwasisi wa uchunguzi wa kisayansi wa historia ya Kihispania. Menéndez Pidal alikusanya vijana waliokuwa wamekwenda au waliokuwa njiani kwenda kusoma katika nchi nyingine. Mmoja wao, Tomás Navarro Tomás, aliyezaliwa mwaka 1884 katika mji mdogo wa La Roda, alipelekwa na Halmashauri katika maabara za fonetiki za Ufaransa na Ujerumani katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya Kwanza, ili ajifunze namna ya kuzipima sauti za lugha kwa vyombo, elimu ambayo Uhispania haikuwa nayo. Kwa hiyo watu waliokuja kuwafundisha walimu wa kigeni walikuwa wenyewe walimu waliopelekwa shule, na hali hiyo haikuwa ya bahati, kwa kuwa ndiyo iliyowapa subira na heshima kwa mtu mzima anayekosea mbele ya wenzake.

Kozi ya kwanza kwa wageni ilifanyika katika majira ya joto ya mwaka 1912. Kama mambo yangeendelea kama yalivyokuwa, huenda ingebaki kuwa jambo dogo la wapenzi wachache wa fasihi, lakini miaka iliyofuata mabadiliko makubwa yalitokea ng'ambo ya Atlantiki. Mwezi Agosti 1914 Mfereji wa Panama ulifunguliwa, na wakati huohuo vita vya Ulaya vilikata biashara kati ya Ulaya na Amerika ya Kusini, hivyo wafanyabiashara wa Marekani wakaona kwamba soko kubwa la wasemaji wa Kihispania liko wazi mbele yao. Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwezi Aprili 1917, chuki dhidi ya kila kilichokuwa cha Kijerumani iliingia hadi madarasani, na majimbo na miji mingi ikaifuta lugha hiyo katika mitaala yake. Mwaka 1915 takriban asilimia 24 ya wanafunzi wa shule za sekondari za umma za Marekani walikuwa wakisoma Kijerumani, na asilimia 2.7 tu walisoma Kihispania. Kufikia mwaka 1922 Kijerumani kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia moja, na Kihispania kilikuwa kimepanda hadi zaidi ya asilimia 11. Nyuma ya tarakimu hizo walikuwapo binadamu, kwa maana walimu wa Kijerumani, ambao baadhi yao walikuwa wamekifundisha kwa miaka mingi, walitakiwa wafundishe lugha ambayo hawakuijua au waliijua kwa vitabu tu, na wengine walilazimika kujifunza somo la kesho usiku wa kuamkia siku ya kulifundisha. Ongezeko la wanafunzi lisilo na ongezeko la walimu walioandaliwa ni balaa katika elimu ya nchi yoyote, na waliolijua hilo mapema walikuwa walimu wenyewe.

Mwaka 1917 waliunda chama chao, American Association of Teachers of Spanish, kilichoongozwa kwanza na Lawrence Wilkins wa New York, na jarida lao, lililoitwa Hispania, likahaririwa na Aurelio Espinosa wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka huohuo chuo cha Middlebury, katika jimbo la Vermont, kilifungua shule ya Kihispania ya majira ya joto kwa kufuata mfano wa shule zake za Kijerumani na Kifaransa, ambazo wanafunzi wake huahidi kutozungumza lugha nyingine yoyote kwa muda wote wa kozi. Hata hivyo, Vermont haikuweza kumpa mwalimu soko la Madrid wala mazungumzo ya chakula cha jioni ya watu ambao hawajui lugha nyingine, na ndiyo maana, amani iliporejea baharini, safari ya Uhispania ikawa tamanio la walimu wengi. Taasisi ya Instituto de las Españas, iliyoanzishwa New York mwaka 1920 na ambayo nguzo yake kuu alikuwa Federico de Onís, mwanafunzi wa zamani wa Menéndez Pidal aliyehamia Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1916, ilisaidia kuandaa misafara ya walimu waliovuka bahari kwenda katika kozi hizo.

Kabla hawajavuka, lilikuwapo swali ambalo halikukwepeka, nalo ni Kihispania cha nani kitakachofundishwa. Wanafunzi wa Marekani wangekutana na Wameksiko, Wakuba na Waajentina mara nyingi zaidi kuliko na watu wa Castilla, eneo la katikati ya Uhispania ambalo lahaja yake ndiyo iliyokuwa msingi wa lugha sanifu. Menéndez Pidal alilijibu swali hilo katika toleo la kwanza la jarida la Hispania, mwaka 1918, akitetea umoja wa lugha ya maandishi na nafasi ya matamshi ya Castilla katika ufundishaji. Jibu lake lilikuwa la msomi aliyeipenda lugha yake kwa dhati na kuijua historia yake kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Lakini lilikuwa pia jibu lililoiweka Madrid mahali pa kutoa idhini, na liliwafanya walimu wengi wa Marekani waisikie sauti ya majirani zao wa New Mexico au Puerto Rico kama sauti iliyopungukiwa na kitu. Hilo ni doa katika historia ya kozi hizo, na sifa zake nyingi haziliondoi.

Kiini cha mafunzo kilikuwa matamshi. Walimu hao waliijua sarufi ya Kihispania, na mara nyingi waliijua kuliko wenyeji wa kawaida, lakini wengi walikuwa wameisoma lugha kwa macho, na kosa la mwalimu wa aina hiyo si lake peke yake, kwa kuwa hulirithisha kwa darasa baada ya darasa. Navarro Tomás aliwafundisha kwa kuanzia kwenye vyombo vya maabara. Kimografu ni silinda inayozunguka, iliyoviringishiwa karatasi iliyopakwa masizi, ambayo juu yake sindano nyembamba huchora mitikisiko ya pumzi na sauti ya msemaji. Kaakaa bandia ni bamba jembamba lililofinyangwa kwa umbo la kinywa cha mtu na kupakwa unga mweupe, ambalo msemaji huliweka kinywani, hutamka sauti moja, kisha hulitoa ili paonekane mahali ambapo ulimi umeufuta unga huo. Faida ya vyombo hivyo kwa mwalimu mgeni ilikuwa kubwa kuliko usahihi wake wa kisayansi, kwa kuwa kosa lililokuwa limejificha katika mazoea ya ulimi lilipata umbo linaloonekana, na mtu akaweza kulijadili bila kuona kwamba anasutwa.

Mambo yaliyowashinda wasemaji wa Kiingereza hayatamshangaza msomaji wa Kiswahili. Irabu za Kihispania ni tano, zinakaribiana sana na a, e, i, o, u za Kiswahili, nazo hazififii zinapokosa mkazo, ilhali Mwingereza au Mmarekani huzimeza irabu zisizo na mkazo na kuivuta o ya mwisho mpaka ikawa kama irabu mbili. Herufi d inapokuwa kati ya irabu mbili, kama katika neno todo, hulegea na kukaribia sauti ya dh iliyo katika neno fedha. Herufi g katika neno lago hukaribia gh ya shughuli. Na z ya Castilla hutamkwa kama th ya thelathini, wakati Amerika yote inayosema Kihispania huitamka kama s. Sauti p, t na k hutamkwa bila pumzi ile inayozifuata katika Kiingereza. Mambo haya yote, pamoja na mengine mengi ya mkazo na mfuatano wa silabi, Navarro Tomás aliyapanga katika kitabu chake cha mwaka 1918, Manual de pronunciación española, ambacho kiliyachukua kama kigezo matamshi ya watu waliosoma wa Castilla, yasiyo ya ovyo wala ya kujikweza. Mwaka 1926 yeye na Espinosa walitoa pamoja kitabu kifupi zaidi cha Kiingereza kwa ajili ya shule za Marekani, na kwa njia hiyo mafunzo ya Madrid yakawafikia hata walimu ambao mishahara yao isingewaruhusu kupanda meli.

Nje ya fonetiki kulikuwa na mihadhara ya fasihi, historia na sanaa, vikundi vidogo vya mazungumzo, na ziara. Ziara zilirithiwa moja kwa moja kutoka shule ya Giner, ambako kutembea mbele ya jengo la kale au mchoro kulihesabiwa kuwa somo kamili. Jumba la makumbusho la Prado lilikuwa umbali mfupi, na mji wa Toledo, wenye makanisa, masinagogi na misikiti ya kale iliyosimama karibu karibu, uliweza kufikiwa kwa treni na kurudi siku hiyohiyo. Kwa mwalimu aliyekuwa akiwasomea wanafunzi wake mashairi ya zama za kati katika mji mdogo wa Ohio, kuuona Toledo kulibadilisha kile alichoweza kukisema darasani.

Wengi wa walimu hao walikuwa wanawake, na hapa Madrid ilikuwa na maandalizi ambayo miji mingine ya Uhispania haikuwa nayo. Tangu miaka ya 1870 mmisionari wa Kimarekani Alice Gordon Gulick alikuwa amejenga elimu ya wasichana nchini humo, na taasisi aliyoiasisi, International Institute for Girls in Spain, ilikuja kuwa na jengo lake katika mtaa wa Miguel Ángel jijini Madrid. Mwaka 1915 Halmashauri ilifungua Residencia de Señoritas, makazi ya wanafunzi wa kike chini ya mwalimu María de Maeztu, na ushirikiano wa taasisi hizo mbili uliwaleta pamoja wanawake wa Uhispania waliokuwa wakiingia chuo kikuu kwa mara ya kwanza na wahadhiri wa vyuo vya wanawake vya Marekani kama Smith na Wellesley. Kubadilishana huko kulikwenda pande zote mbili, kwa kuwa wasichana wa Kihispania nao walipata ufadhili wa kusoma katika vyuo hivyo, na wengine waliishia kuwa walimu wa Kihispania huko.

Miongoni mwa waliohudhuria kozi ya mwaka 1932 alikuwamo Katherine Reding, aliyekuwa akifundisha Kihispania katika chuo cha Smith. Huko alisikiliza mihadhara ya mshairi Pedro Salinas, na baina yao kulizuka uhusiano ulioacha mamia ya barua, ambazo sasa zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard na ambazo sehemu yake ilichapishwa mwaka 2002. Diwani ya Salinas ya mwaka 1933, La voz a ti debida, ilitokana na uhusiano huo. Wahakiki wamezoea kumtaja mwanamke huyo kwa sababu ya mashairi tu, na kumtendea hivyo si haki. Alikwenda Madrid kwa ajili ya kazi yake, na mwaka 1936 alichapisha utafiti juu ya waandishi wanaoitwa Kizazi cha 1898, yaani kizazi kilichoandika chini ya kivuli cha kushindwa kule kulikotajwa mwanzoni.

Mfano mwingine ni wa familia ya Espinosa. Aurelio Espinosa, mhariri wa Hispania, alizaliwa Colorado mwaka 1880 katika jamii ya Wahispania wa kale wa kusini-magharibi mwa Marekani, akakua akizungumza Kihispania nyumbani, na utafiti wake wa shahada ya uzamivu ulihusu Kihispania cha New Mexico. Mwaka 1920 alikwenda Uhispania, akasaidiwa na Menéndez Pidal kupanga safari yake ya vijijini, akakusanya hadithi 280 za wananchi alizozitoa katika vitabu vitatu. Mwanawe, mwenye jina lilelile, alikwenda Madrid kama mwanafunzi, na Navarro Tomás akamwingiza katika kazi kubwa kuliko zote za idara hiyo, Atlasi ya Lugha ya Rasi ya Iberia, ambayo kusudi lake lilikuwa kuonyesha katika ramani namna kila jambo la matamshi na msamiati linavyosemwa katika mamia ya vijiji vya Uhispania na Ureno. Kijana huyo na mwenzake Lorenzo Rodríguez-Castellano walizunguka katika maeneo ya Castilla na kusini wakiwa na hojaji na daftari, na mwaka 1933 wao wawili pamoja na mwalimu wao walichapisha makala juu ya mpaka wa lahaja ya Andalusia. Mwanafunzi mgeni alikuwa amefika hatua ya kuwaeleza wenyeji mahali ambapo lahaja yao moja inaishia na nyingine inaanzia.

Katika miaka hiyo mfano wa Madrid ulienea. Chuo Kikuu cha Zaragoza kilifungua kozi za wageni katika mji wa Jaca mwaka 1927, Salamanca ikafuata mwaka 1929, na mwaka 1932 serikali ya Jamhuri, iliyochukua nafasi ya ufalme, ikaanzisha mjini Santander Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Majira ya Joto, katika jumba la La Magdalena lililokuwa la mfalme, Menéndez Pidal akiwa mkuu wake na Salinas katibu wake.

Tarehe 17 na 18 Julai 1936 majenerali waliasi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza wakati masomo ya majira hayo yakiendelea. Wanafunzi wa kigeni waliokuwa Santander waliondolewa, na Salinas mwenyewe aliondoka baadaye kwenda chuo cha Wellesley, alikokuwa amealikwa kufundisha kabla ya vita. Menéndez Pidal alipitia Cuba na New York kabla ya kurejea Madrid mwaka 1939. Jiménez Fraud aliishia Oxford, Castillejo London, na Américo Castro, aliyekuwa miongoni mwa nguzo za Kituo, Princeton. Navarro Tomás, aliyeiongoza Maktaba ya Taifa wakati wa vita, alivuka mpaka wa Ufaransa mwishoni mwa Januari 1939 akiwa na mshairi Antonio Machado, aliyefariki wiki chache baadaye huko Collioure. Navarro Tomás aliendelea hadi New York, ambako Onís alimpokea katika Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 1944 akachapisha huko kitabu chake juu ya kiimbo cha Kihispania, yaani namna sauti inavyopanda na kushuka katika sentensi.

Ni rahisi kuyasoma majina hayo kama orodha ya bahati njema, lakini nafasi za kazi hazikuwasubiri wageni katika vyuo vya Marekani vilivyokuwa vimetoka tu katika mdororo mkubwa wa uchumi. Zilipatikana kwa sababu katika idara za Kihispania za Smith, Wellesley, Columbia, Stanford na kwingineko walikuwapo walimu waliowahi kuketi mbele ya watu hawa Madrid, waliojua thamani yao na waliokuwa tayari kuwatetea mbele ya wakuu wa vyuo. Shule ya Middlebury, iliyoongozwa tangu mwaka 1931 na Mhispania Juan Centeno, ikawa mahali ambapo waliotawanyika walikutana kila majira ya joto, wakifundisha kizazi kipya cha walimu wa Kimarekani.

Halmashauri ilikuwa imevunjwa mwaka 1938 na serikali ya majenerali walioasi, iliyoongozwa na Franco, na mwezi Novemba 1939 mali na majengo yake yakakabidhiwa Baraza Kuu la Utafiti wa Kisayansi. Madaftari ya Atlasi, ambayo Navarro Tomás alikuwa ameondoka nayo ili yasipotee, yalikaa New York hadi mwaka 1951 yaliporudishwa Madrid kwa makubaliano, na juzuu ya kwanza ikachapishwa na Baraza hilo mwaka 1962, ikiwa na ramani zilizotokana kwa sehemu na daftari za Espinosa kijana. Navarro Tomás hakurudi kuishi Uhispania. Alifariki mwaka 1979 huko Northampton, Massachusetts, mji wa chuo cha Smith.